Nyuki Juu ya Kitanda cha Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi

Kuna nyuki darini. Nimeiandika sentensi hiyo nione kama ikikaa kwenye karatasi itapungua ukali. Haijapungua.

Nilidhani ni masikio yangu. Tangu Kidonge azaliwe, masikio yangu husikia kilio hata kwenye maji ya bomba. Lakini leo mchana Kidonge alikuwa amelala, amelala kweli, mdomo wazi, na ule mvumo ukaendelea. Unatoka juu ya chumba cha mgeni. Nikapanda kwenye stuli, nikaweka kiganja darini. Dari lina joto! Joto kama la paji la mtoto mwenye homa. Nikashuka haraka kuliko nilivyopanda.

Nje nikatazama kona ya paa, pale ubao ulipoachana na ukuta. Wanaingia, wanatoka. Wana shughuli zao, kama watu wenye ajira.

Sasa shida yenyewe. Mama mkwe anafika Alhamisi. Anakuja kukaa na Kidonge ili mimi nirudi kazini Jumatatu. Nisiporudi Jumatatu, msimamizi wa kiwanda cha sare amesema cherehani yangu atapewa mwingine. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetaja saa. Cherehani ya dirishani! Nimeikalia tangu sijaolewa. Na mama mkwe ndiye tegemeo langu pekee, kwa sababu mama yangu mzazi anamuuguza babu, na yaya wa mwisho alidumu mpaka alipoona ndoo ya nepi.

Na mama mkwe hataki hata kusikia neno nyuki. Siku moja kabla ya harusi ya wifi alidungwa shavuni, akavimba mpaka jicho likapotea. Kwenye picha ya familia kila mtu anatabasamu, yeye ameipa kamera mgongo. Picha hiyo iko ukutani kwa wifi, kubwa, na wifi huhakikisha kila mgeni ameiona. Tangu siku hiyo mama mkwe amesema hatalala kwenye nyumba yenye nyuki hata mmoja, hata akiwa mfu.

Nimempigia Baba Kidonge huko anakojenga daraja. Akasema mama yake asijue kabisa. Akasema nitumie akili. Akili zangu zote ziko kwenye ndoo ya nepi. Kisha akauliza kama wanauma. Nikakata simu kwa upole.

Nimepata namba ya fundi wa nyuki. Anaweza kuja Jumapili jioni tu, kabla ya hapo ana nyuki wa watu wengine. Swali lake la kwanza lilikuwa kama nimepuliza dawa. Nikasema hapana, na ni kweli. Kopo lilikuwa mkononi, lakini Kidonge analala upande wa pili wa ukuta. Akasema vizuri. Nisipulize, nisizibe, nisiguse kitu. Nikasema sawa, fundi.

Kwa hiyo kazi ni moja. Kuficha nyuki kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili. Watu wameficha makubwa kuliko hayo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata wazo! Na si kupuliza, si kuziba, wala si kugusa. Ni kupaka.

Mwenye duka la hapa kona ameniambia wadudu wote hukimbia mchaichai. Yeye hujipaka miguuni kila jioni na mbu hawamsogelei. Nikanunua mafungu yote aliyokuwa nayo, nikachemsha kwenye sufuria kubwa, nyumba ikanukia kama kwa watu wenye nafasi. Nikamfunga Kidonge mgongoni, nikafunga ufagio kwenye fimbo ndefu, nikapaka ukingo wa paa, upande huu na upande ule. Kilichobaki nikakirusha juu kwa kikombe. Kingi kilinirudia kichwani.

Jirani yetu Mama Pazia alikuwa dirishani, mahali pake pa kazi. Jina hilo nimempa mimi. Pazia lake likitikisika, ujue mtaa umeshaarifiwa. Akatoka kuniuliza paa linaoshwa kwa ajili ya nani. Nikasema kwa ajili ya usafi. Akasema anaona, na pengine usafi huohuo ndio unaomdondoshea madoa ya manjano kwenye mashuka yake meupe kila anapoanika. Vidoa vidogo vidogo, kama mtu amekung'uta brashi ya rangi. Nikasema ni vumbi la maua. Akauliza maua gani. Nikasema samahani, Kidonge anataka kunyonya. Kidonge alikuwa amelala fofofo.

Ukweli ni kwamba nyuki hujisaidia wakiwa angani, na njia yao inapita juu ya kamba yake. Namwombea asifue mpaka Jumapili.

Jioni nimechungulia. Ukingoni wamebaki wachache tu. Wamekimbia! Leo nitalala kama binadamu.

Alhamisi, 6 Machi

Hawakukimbia. Walikwenda kuwaita wenzao.

Asubuhi juu ya paa kulikuwa na wingu. Likazunguka, likashuka, likaning'inia kwenye kona ya pili kama ndevu. Mchana ndevu zikaingia ndani, zote, kwa foleni. Nikampigia fundi, nikamweleza. Akauliza kama kuna kitu nimepaka. Nikataja mchaichai kwa sauti ya chini. Akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kuegemea. Akasema mchaichai ndio wao hupaka kwenye mzinga mtupu wanapotaka nyuki waje. Unanukia kama nyuki anayewaonyesha wenzake mlango wa nyumbani. Yaani mimi nilisimama hapo na ufagio nikaandika karibuni kwa herufi kubwa, pande zote mbili. Akasema sasa nina kaya mbili. Akauliza wapangaji wapya wamekaaje.

Simu haijapoa, mama mkwe akapiga. Ameshuka kituoni.

Nikampitisha mlango wa nyuma. Nikasema kitasa cha mbele kimekwama. Akasema kitasa kikikwama kinatiwa mafuta, akatoa chupa ya mafuta ya nywele mkobani, akaanza kuelekea mbele. Nikamwekea Kidonge mikononi. Silaha yangu ya mwisho, na nimeitumia kabla mgeni hajakaa.

Akamnusa shingoni. Akamgeuza, akamkagua miguu, akamnusa tena. Kidonge hulia akiona sura mpya, lakini huyu alimshika pua akacheka. Sikujua nimechoka kiasi gani mpaka nilipoona mikono mingine imembeba. Nilikaa chini palepale kwenye kizingiti, na hakuna aliyenihitaji. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Ndiyo maana asijue.

Ijumaa, 7 Machi

Wakati wa chai mama mkwe akasema kuna kitu kinanguruma darini kwake. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema ni friji ya jirani. Mpya, kubwa, mvumo wake unapita ukutani. Akakubali, akasikitika kwa ajili ya jirani. Nikajipongeza, nikaenda kufua.

Kumbe mama mkwe ni mtu wa kusaidia watu. Mikono yangu ikiwa kwenye povu, yeye alivuka uwanja, akagonga kwa Mama Pazia, akamshauri kwa moyo mweupe kwamba friji yake ni mbovu, inalia kama inakata roho, airudishe kabla haijaunguza nyumba. Mama Pazia! Ambaye friji ameiweka sebuleni na si jikoni, ili hata anayepita barabarani aione. Ambaye anaifuta vumbi asubuhi na jioni. Alimshika mama mkwe mkono, akamwingiza ndani, akamwambia sikiliza. Wakasimama wote wawili, masikio kwenye mlango wa friji. Kimya. Ile friji inalala kuliko Kidonge.

Mama mkwe akarudi na swali. Nikasema basi ni mabomba. Akauliza mabomba gani yako darini. Nikasema ya zamani. Akanitazama, akaendelea kumpaka Kidonge mafuta, halafu akasema, kama anayezungumza na mtoto, kwamba baba yake Kidonge alipokuwa mdogo naye alikuwa na majibu mafupi kama hayo, na kila alipojibu kwa kifupi kulikutwa dirisha limevunjika mahali.

Mama Pazia haniamkii sasa. Ameanika shuka moja, moja tu, katikati ya uwanja. Ni ushahidi.

Kila nyuki anayepita naona kama ameandikwa jina langu. Mama mkwe akiingia chumbani natega sikio, akitoka natazama mashavu yake. Leo ameniuliza kwa nini namwangalia usoni kila mara. Nikasema amependeza. Akafurahi. Dhambi nyingine hiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi alisema nisizibe. Lakini fundi hana mama mkwe chumbani.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Nikiwazibia alfajiri, kabla hawajaanza kutoka, watakaa ndani watulie, kama sisi mvua inaponyesha. Nikaazima ngazi, nikapanda huku naomba dua zote ninazozijua, nikasukumia matambara na nepi kuukuu kwenye kona zote mbili. Safi kabisa. Asubuhi nzima hakukuwa na nyuki hata mmoja nje. Mashuka ya Mama Pazia yalipepea bila doa. Ila ule mvumo ulikuwa umepanda, kama watu waliokaa foleni tangu asubuhi wakafungiwa dirisha usoni.

Nyuki aliyefungiwa mlango hutafuta mwanga. Hilo nimelijua leo. Mwanga ulikuwa kwenye tundu la waya wa taa, chumba cha mgeni. Mama mkwe alikuwa uani anamwogesha Kidonge. Niliingia kutandika, nikawakuta wanashuka kwenye waya mmoja mmoja, wanajikung'uta mabawa kama abiria waliosafiri wamebanwa. Nikafunga mlango. Nikiwa ndani. Sijui kwa nini nilichagua ndani.

Nikafungua dirisha, nikapunga shuka. Wengi wakatoka. Waliobaki hawakulitaka dirisha, walinitaka mimi. Walinijia begani, palepale Kidonge aliponipaka ndizi yake ya kupondwa. Mmoja kwenye kope. Mmoja kwenye mdomo wa juu. Mwingine sikioni, nilipokuwa napiga kelele bila sauti. Kupiga kelele bila sauti kunachosha kuliko kufua mablanketi.

Nikaziba tundu la taa kwa kitambaa na selotepu. Nikampigia fundi, nikauliza kama mtu anayeuliza kwa niaba ya mwingine. Akasema ndizi mbivu inanukia kama ile harufu nyuki anayoitoa akishadunga, ya kuwaambia wenzake adui ni huyu. Watu wa kazi yake hawali ndizi siku ya kazi. Halafu akauliza nyuki wamefikaje chumbani. Nikasema mtandao mbaya, simsikii.

Mama mkwe akaniona. Jicho moja limefumba, mdomo umevimba kama mto. Nikasema ni jino. Akauliza jino gani linavimbisha kope. Nikasema la juu. Basi akachemsha maji ya chumvi, akanisukutulisha, akanifunga kitambaa kuanzia kidevuni mpaka utosini, akanikalisha akatulisha uji, kijiko kimoja kwangu, kijiko kimoja kwa Kidonge. Sisi wawili tumekaa tumefungua midomo. Nilitaka kulia, na si kwa maumivu. Hakuna aliyenilisha tangu nijifungue.

Nikasema moyoni nimwambie. Nimwambie sasa hivi. Mdomo haukufunguka. Nasingizia uvimbe.

Akauliza kile kitambaa cha darini ni cha nini. Nikasema kinazuia vumbi la mabomba.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi nilisikia mama mkwe ananiita kutoka chumbani. Mama Kidonge. Mama Kidonge. Bila kupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa.

Alikuwa amekaa kitandani. Kitambaa cha taa kilikuwa kimelowa, na kitu kilikuwa kinadondoka, tone, kinafikiri kidogo, tone, juu ya mto wake. Nikasema paa linavuja. Akasema haijanyesha tangu afike. Akagusa kwa kidole. Nikasema asiguse, ni gundi ya seremala. Akapeleka kidole mdomoni.

"Gundi gani hii tamu?"

Sikuwa na seremala mwingine wa kumtaja.

"Hii ni asali," akasema. "Umenilaza chini ya nyuki."

Angefoka ningejua pa kusimama. Hakufoka. Nikamwambia yote, mchaichai, friji, mabomba, nepi za darini, jino. Nilipofika kwenye jino akafumba macho. Akasema nyuki hana kosa, hamjui yeye ni nani. Ila mimi, akasema, namjua. Kisha akakunja nguo zake vizuri, moja moja, akaenda kukaa uani kwenye kigoda, mkoba mapajani, kusubiri basi la jioni.

Kidonge akamfuata kwa magoti. Akafika, akashika pindo la gauni la bibi yake, akajivuta, akasimama. Mara yake ya kwanza kusimama! Anayumba, mkono mmoja hewani, anatutazama apate kupigiwa makofi. Na hakuna aliyepiga. Mimi na mama mkwe tulitazamana mara moja, kila mmoja akageukia kwake. Mpaka sasa nikikumbuka uso wa yule mtoto moyo unaniuma.

Nikampigia Baba Kidonge. Akasema si aliniambia nitumie akili.

Nikazibua kona. Wakamwagika nje kama shule iliyofungwa. Siku nzima nilifanya kazi za ndani nikipita dirishani kutazama kama kigoda bado kina mtu. Bado. Alikuwa anamwimbia Kidonge, ila kila nilipotokea aliacha.

Fundi alifika jua likishuka, nyuki wakiwa wamesharudi. Mtu mrefu, mkubwa, na kila kitu chake, vazi jeupe, kofia ya wavu, bomba la moshi, masanduku. Nikamletea ngazi. Akaitazama kama mimi ninavyotazama nyuki. Akasema yeye hapandi. Miaka yote hii hutoa nyuki kwenye mapaa ya watu kwa kupitia chini, ndani ya chumba, akisimama juu ya meza. Meza sawa. Ngazi humtia kizunguzungu.

Kwa hiyo ingekuwa lazima asogeze kitanda cha mama mkwe na kukata dari juu yake hata kama mama mkwe angekuwa hajui kitu! Mpango wangu wote ulikuwa umeegemea ngazi ambayo fundi hapandi.

Akasema masega yameanguka kwa sababu yangu. Nyuki hupoza nyumba kwa kupepea mabawa mlangoni. Ukiziba mlango joto linapanda, nta inalegea, asali inakuja kitandani. Hakunigombeza. Alisema tu aliwahi kuona mtu aliyeziba kwa viazi.

Alihitaji mtu wa kumshikia tochi na beseni. Mtu huyo ni mimi. Na Kidonge ashikwe na nani? Nikaenda uani. Sikuomba msamaha, maana ungeonekana ni wa kununulia kazi. Nilimwomba amshike mtoto mpaka basi lifike. Akampokea, akavuka naye kwa Mama Pazia. Kupitia dirishani niliwaona wamekaa mbele ya friji.

Fundi akanivika vazi la ziada, akapuliza moshi, akakata dari kwa msumeno mdogo. Masega yakatokea, yamejipanga kama mikate dukani, mengine ya manjano, mengine meusi ya siku nyingi. Wamekaa muda wote huu na sisi. Aliyatoa moja moja, akayafunga kwa mipira kwenye fremu za sanduku, akizungumza nao kwa upole kama anayemvua mtoto sweta. Alipompata malkia akamtia kwenye kijisanduku, na wengine wakaanza kumfuata kwa miguu, wanapanda sandukuni kwa utaratibu. Wale wapya wa kona ya pili aliwakung'uta kwa mpigo mmoja, kama nguo inayotolewa kwenye kamba.

Mimi nimeshika beseni. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne sikuogopa. Hapakuwa na kitu cha kuficha, na mikono ilikuwa na kazi.

Kabla ya kufunga masanduku akanipa masharti. Leo hii nisugue mbao kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu ya nta iishe. Kona nizibe kwa saruji, si kwa kitu kingine. Harufu ikibaki na tundu likibaki, watakuja wengine. Nikasema sawa, fundi.

Mama mkwe akarudi, Kidonge kiunoni, mkoba begani. Kama basi limepita au halijapita sikuthubutu kuuliza. Fundi akamkatia kipande cha sega safi. Akala akiwa amesimama, anatazama ukuta. Ilionekana ni tamu, ila hakutaka kunifurahisha. Kisha nikaona kidole chake kimechovya asali na kinakwenda mdomoni kwa Kidonge, na Kidonge ameshafungua mdomo kama kifaranga.

Nikamshika mkono. Mama mkwe. Mkono. Mbele ya fundi.

"Hapana, Mama."

"Wanangu wote walilamba asali kabla ya kuota jino," akasema. "Na mumeo ni mmoja wao. Amekufa?"

"Hajafa. Lakini huyu bado hajafikisha mwaka, Mama. Kliniki walituambia asali inaweza kumdhuru vibaya mtoto mchanga. Hapewi."

"Wewe wa leo ndiye wa kuniambia mimi kipi ni salama?"

Alikuwa na haki yake yote. Na nilijua vizuri ninachokiachia, cherehani, dirisha lake, mikono ile iliyombeba mwanangu. Vidole vyangu havikufunguka. Nikarudia kwamba hapewi, polepole, kama ninavyomwambia Kidonge mwenyewe akishika waya. Kidonge akaanza kulilia kidole.

Fundi akageuka kukagua sanduku ambalo alishalifunga.

Mama mkwe akashusha mkono. Akanipa mtoto. Akaenda bombani, akanawa kidole kile kwa muda mrefu, akaingia sebuleni na mkoba wake, akafunga mlango.

Naandika nikiwa nimekaa korido. Nasikia zipu ya mkoba. Sijui anafunga au anafungua. Darini hakuna sauti yoyote. Nyumba haijawahi kunyamaza hivi.

Jumatatu, 10 Machi

Nilimkuta jikoni. Maziwa ya Kidonge yako motoni, nepi zimeshalowekwa. Hakugeuka.

"Unaondoka saa ngapi?"

Nikasema saa moja kasoro. Akasema sasa nasimama hapo kama mgeni kwa nini, ninywe chai. Nikanywa. Ilikuwa ya moto nikaimaliza palepale nisije nikasema kitu kikaharibu.

Mlangoni akaniambia jambo moja. Akiniuliza kitu, nimwambie kilivyo, hata kama ni chui aliye darini. Nikaapa. Nikaapa kwa jina la Kidonge, la mume wangu, la cherehani. Akasema kiapo kimoja kinatosha.

Cherehani ipo! Imewekewa mafuta, dirisha limefutwa. Msimamizi akaniuliza uso umepatwa na nini. Nikamwambia ukweli mtupu, nyuki, kwa sababu ya ndizi. Akanitazama sana, akasema kazini hapa tunaambiana ukweli. Nikasema basi ni jino. Akanipa pole.

Alhamisi, 13 Machi

Mambo ni shwari. Kidonge anasimama kila akiona pindo la gauni, na sasa anapigiwa makofi na nyumba mbili. Mama mkwe anakwenda kwa Mama Pazia kila alasiri kunywa maji ya baridi na kuisifu friji. Dari limewekewa ubao. Mama mkwe analala chini yake na anakoroma.

Lile suala la sabuni na maji ya moto bado. Jumapili nilichoka, Jumatatu kazi, Jumanne nepi, jana nililala na viatu. Saruji nayo inataka mchanga, mchanga unataka mtu wa kuubeba. Kwa sasa nimeziba kona kwa boksi la nepi, nikalipaka rangi ya ukuta iliyobaki. Ukilitazama kutoka barabarani huwezi kujua. Nimetoka mwenyewe barabarani nikalitazama.

Leo nikirudi kazini kuna nyuki juu ya boksi. Watatu. Hawana haraka. Wanatembea, wanagusa, wanachungulia ukingoni, wanaingia, wanatoka, kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga. Nikampigia fundi nikamuuliza swali la jumla tu, la kujifunza. Akasema nyuki wa namna hiyo ni wapelelezi, wakipapenda mahali huenda kuwaleta wenzao. Akauliza kama nilitia saruji. Mtandao ukawa mbaya.

Lakini usiogope, mwenye daftari. Mwenzangu wa cherehani ya pili anasema nyuki hawavumilii kabisa rangi ya bluu. Nimepita dukani nikachukua kopo.

Mama mkwe akanikuta nimesimama uani, shingo nyuma. Akauliza natazama nini. Nimeapa, na safari hii sidanganyi. Nikamwambia kilivyo. Natazama paa.

Yaliyobaki nitamwambia pia, neno kwa neno, watakapokuwa wengi kiasi cha kuitwa habari. Watatu si habari.